Kidonda Kinachorudi: Kujichokonoa Ngozi na Mlango wa Msaada Mjini Juba

Miongoni mwa maradhi ambayo binadamu huyabeba miaka mingi bila kumweleza mtu, kujichokonoa ngozi kusikozuilika kuna uchungu wake wa pekee, kwa sababu mgonjwa ndiye anayejitia kidonda kwa kucha zake mwenyewe, huyaona madhara kwa macho yake, huapa mbele ya kioo kwamba hatarudia, na kabla jua halijazama mkono umekwisha kurudi palepale. Kitabibu, jina hili huhusu tabia ya kutumbua, kubandua, kukwaruza au kuchimba ngozi mara kwa mara hadi vidonda vitokee, pamoja na majaribio ya kuacha ambayo hushindwa kila mara, kwa kiwango kinachomtia mtu majonzi au kumkwamisha katika kazi, masomo na mahusiano yake. Sehemu zinazoandamwa zaidi ni uso, mikono, mabega, mgongo na ngozi inayozunguka kucha, na shabaha ya kwanza huwa ni kitu kidogo sana, kama vile chunusi, kigaga, kipele cha harara, au mahali ambapo kidole kimepapasa na kuhisi kwamba ngozi si laini.

Mtu mwenye maradhi haya anaweza kuwa mkazi wa Juba Na Bari, mtaa ambao jina lake lenyewe linakumbusha kwamba mji mkuu wa Sudan Kusini umeota juu ya ardhi ya Wabari, au wa Munuki, Kator au Gudele, akapita kila siku katikati ya watu na asijulikane, kwa kuwa joto lote la mji halimzuii kuvaa mikono mirefu. Hoja ya makala haya ni kwamba mtu huyo anaweza kupata msaada, na kwamba njia ya kuufikia haianzii katika wodi ya magonjwa ya akili, ambako huenda asikanyage maisha yake yote, bali katika chumba cha kufungia vidonda, ambako tayari amekwisha kwenda mara kadhaa.

Tiba imelijua tatizo hili kwa muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1875 daktari wa ngozi wa Uingereza, Erasmus Wilson, aliandika juu ya wagonjwa waliojikwaruza vibaya ingawa hawakuwa na ugonjwa wa ngozi wa kutosha kueleza vidonda vyao, na mwaka 1898 Mfaransa Louis Brocq alieleza hali ya wasichana waliogeuza chunusi chache kuwa uso mzima wa makovu kwa kuzichokonoa. Hata hivyo, zaidi ya karne moja ilipita kabla hali hii haijapewa nafasi yake yenyewe vitabuni, hadi mwaka 2013, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipoiingiza katika toleo la 5 la mwongozo wake wa utambuzi wa maradhi, jirani na yale maradhi ya kulazimika ambayo humfanya mtu anawe mikono mara zisizohesabika au akeshe usiku kucha akihakiki kama mlango umefungwa. Shirika la Afya Duniani lilifuata katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ambamo maradhi haya yana namba 6B25.1 na yamewekwa pamoja na trikotilomania, yaani kujing'oa nywele, katika kundi la tabia zinazojirudia ambazo mtu huzielekeza mwilini mwake. Namba hiyo si shughuli ya makarani peke yao, kwa maana ndiyo inayompa tabibu wa Juba, sawasawa na mwenzake wa Geneva, jina la kuandika katika daftari pale ambapo pengine angeandika tu kwamba mgonjwa ana kidonda sugu.

Wala si maradhi ya watu wachache mno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliowahoji kwa simu watu wazima 2,513, ulionyesha kwamba asilimia 16.6 walikuwa wamewahi kujichokonoa kiasi cha kuacha madhara yanayoonekana, na kwamba asilimia 1.4 walikuwa na hali iliyotimiza masharti yote ya ugonjwa. Hesabu za Marekani haziwezi kupachikwa Juba kama zilivyo, lakini zinatosha kumfikirisha msomaji, kwa sababu kiwango kama hicho katika ibada ya Jumapili yenye waumini 500 kingekuwa na maana ya watu 7, kila mmoja akiamini kwamba ni yeye peke yake. Wanaofika kutibiwa wengi ni wanawake, na mara nyingi maradhi huanza wakati wa balehe, chunusi zinapoleta kitu cha kwanza cha kutumbua, ingawa yanaweza kuanza utotoni au ukubwani pia. Tafiti za mapacha zilizofanywa Uingereza zinaonyesha kwamba sehemu ya mwelekeo huu hurithiwa, na wataalamu wengi huuhusisha na silika ya kujisafisha ambayo binadamu anashirikiana na wanyama, kama inavyoonekana kwa mbwa anayelamba mguu mmoja hadi manyoya yaishe na ngozi ichubuke, au kwa ndege wa kufugwa anayejinyonyoa manyoya akiwa na upweke. Silika iliyokusudiwa kumtunza kiumbe hukosa breki.

Namna maradhi haya yanavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana lawama nyingi anazopewa mgonjwa hutokana na watu kutoijua. Kuna kujichokonoa kwa kujisahau, ambako mtu akiwa anasoma, anasubiri zamu hospitalini au anazungumza kwa simu vidole hutembea vyenyewe juu ya ngozi vikitafuta kitu cha kushika, naye hugutuka damu inapotoka. Kuna pia kujichokonoa kwa makusudi, ambako mtu huhisi mvuto unaopanda kama kiu, hujitenga, husimama mbele ya kioo, na kwa nusu saa au saa nzima akili yake yote huwa katika nukta moja ya mwili, mpaka kitu kitoke au kibanduke na mvuto ushuke. Wagonjwa wengi huwa na aina zote mbili. Nafuu inayopatikana ni ya kweli, ingawa ni fupi, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa ubongo hujifunza kwamba wasiwasi, hasira, uchovu au hata uvivu wa mchana huondoka kwa njia hiyo, kisha nafuu hufuatwa na aibu, aibu huzaa wasiwasi mpya, na wasiwasi huo huurudisha mkono kwenye ngozi ambayo sasa ina vigaga vingi zaidi vya kubandua kuliko jana. Kumwambia mtu aliye ndani ya mzunguko huo "acha tu" ni sawa na kumwamuru asikohoe.

Maradhi haya yanapaswa kutofautishwa na mambo yanayofanana nayo kwa nje. Si jaribio la kujidhuru kwa nia, maana anayejichokonoa hatafuti maumivu wala kifo, anatafuta ulaini, usafi au utulivu, hata kama matokeo ni kinyume chake. Si uchafu, kwa kuwa wengi wao huoga na kujipaka mafuta kwa uangalifu unaowazidi majirani zao. Si ile hali nyingine, nzito zaidi, ambayo mtu huamini kabisa kwamba wadudu wanatembea chini ya ngozi yake na hujichimba ili kuwatoa, na ambayo hutibiwa kwa njia tofauti. Wala si laana iliyotumwa na adui, ingawa familia inayomwona binti yake akitoka damu kila siku bila sababu inayoonekana inaweza kueleweka inapofikiria hivyo.

Sudan Kusini ina ugumu wake katika utambuzi, ambao vitabu vilivyoandikwa Boston au London havina haja ya kuushughulikia, nao ni wingi wa magonjwa ambayo yenyewe huwasha. Nchi hii ni miongoni mwa zile zinazosumbuliwa sana na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi, na ambao katika maeneo ya Maridi na Mundri umehusishwa na kifafa na ule ugonjwa wa watoto wa kutikisa kichwa. Minyoo mikubwa ya usubi huweza kuishi mwilini hadi miaka 15, ikizaa viluwiluwi vinavyotapakaa ngozini, na vinapokufa huleta mwasho mkali kiasi kwamba wagonjwa hujikuna kwa vigae, mawe na visu. Mgonjwa wa namna hiyo haugui maradhi ya kujichokonoa. Anahitaji ivermektini, dawa ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure dhidi ya usubi tangu mwaka 1987 na ambayo hutibu pia upele, ule ugonjwa wa vidudu vinavyochimba katikati ya vidole na kuwasha zaidi usiku. Kuna pia ukurutu, vipele vya kuwasha vinavyowapata baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mwasho wa maradhi ya ini na figo, na harara ya miezi ya joto, kama ile ya Machi 2024 ambapo serikali ilifunga shule kwa sababu ya jua kali. Tabibu mwangalifu huanza na hayo yote, huuliza kama kuna mwasho, kama wengine nyumbani wanawashwa, kama mgonjwa ametoka maeneo ya mito ya kasi, na huitazama ngozi ambayo kucha haziwezi kuifikia, hasa katikati ya mgongo, kwa kuwa anayejichokonoa mara nyingi huwa na ngozi safi mahali hapo tu. Ni kweli pia kwamba jambo moja huweza kuzaa jingine, na mtu aliyeanza kwa kuwashwa na upele akaendelea kujichimba miezi mingi baada ya upele kupona.

Jambo jingine la mahali hapa ni maana ya kovu lenyewe. Katika nchi ambayo Wanuer wamekuwa wakiwachanja vijana wao gaar, yaani mistari sita sambamba ya paji la uso inayotangaza kwamba mtoto amekuwa mwanamume, na ambayo Wadinka na Wamundari, hawa wa mwisho wakiwa majirani wa Wabari upande wa kaskazini wa Juba, wana michoro yao ya paji, ngozi imekuwa ukurasa ambao jamii huandika nasaba na ujasiri. Kovu la namna hiyo lina shahidi, lina siku yake na nyimbo zake. Kovu la kujichokonoa halina hata kimoja kati ya hivyo, limepatikana chooni au chini ya shuka, na mwenye nalo hawezi kulisimulia, jambo ambalo pengine linalifanya liume zaidi katika jamii inayojua kusoma makovu. Ngozi nyeusi, tena, huweka kumbukumbu kwa ukali, kwa sababu kila jeraha huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi hata pale ambapo hakuna kovu, na makovu yanayovimba kupita ukubwa wa jeraha lenyewe huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Ndipo mgonjwa anapokwenda sokoni kununua krimu ya kuondoa madoa, ambayo mara nyingi ina steroidi kali, haidrokwinoni au hata zebaki, na ngozi iliyokuwa na vidonda inakonda, inapasuka, inaota chunusi mpya, na kuzipa kucha kazi zaidi. Katika mlolongo mzima wa maradhi haya, hapana hatua inayoleta hasara ya haraka kama hiyo, na wauza dawa wa Juba wangefanya jambo la maana kama wangemuuliza mteja anataka krimu hiyo kwa ajili ya nini kabla ya kumtajia bei.

Kizuizi kikubwa cha kutafuta msaada, hata hivyo, ni wazo kwamba haya si maradhi ya kuyalalamikia katika nchi iliyopitia mambo iliyoyapitia. Vita vilivyoanza Juba Desemba 2013, miaka miwili na nusu tu baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, na mapigano yaliyourudia mji huo Julai 2016, vimeacha watu wengi wakiwa na mizigo ambayo mbele yake vidonda vya kucha huonekana kama anasa. Utafiti wa Jumuiya ya Wanasheria ya Sudan Kusini na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2015 uliwakuta asilimia 41 ya waliohojiwa wakiwa na dalili za msongo unaofuata maafa. Mwaka uliofuata, ripoti ya Amnesty International ilieleza kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili waliokuwa wakifanya kazi, kwamba hospitali pekee ya umma iliyolaza wagonjwa hao, Hospitali ya Mafunzo ya Juba, ilikuwa na vitanda 12 kwa ajili yao, na kwamba watu wenye maradhi ya akili walikuwa wakiwekwa katika Gereza Kuu la Juba bila kuwa na kosa lolote. Anayefahamu hayo, na anayejua jinsi neno majnun, yaani mwendawazimu, linavyotumika katika Kiarabu cha Juba, hawezi kumshangaa msichana wa chuo anayeona ni heri afe na vidonda vyake kuliko aonekane akiingia katika wodi hiyo.

Lakini hoja ya ukubwa wa mateso ya wengine ina kasoro. Maumivu hayapangwi foleni kama madebe ya maji, ili mwenye machache asubiri mpaka mwenye mengi amalize, na uzoefu wa kitabibu unaonyesha kwamba wasiwasi, huzuni na kumbukumbu za maafa huongeza mvuto wa kujichokonoa, hivyo kwamba kidonda cha mkononi kinaweza kuwa ndicho alama pekee inayoonekana ya jambo lisilosemeka. Isitoshe, madhara ya mwili si ya kupuuzwa, kwa kuwa kidonda kilichofunguliwa kila siku ni mlango wa bakteria, jipu hufuata, na katika hali mbaya maambukizi huingia kwenye damu, huku viuavijasumu vinavyorudiwa kila mwezi vikizoewa na vijidudu mpaka visifae tena.

Hapo ndipo chumba cha kufungia vidonda kinapopata uzito wake. Muuguzi au ofisa tabibu wa zahanati humwona mgonjwa huyu akiwa na kidonda kilekile kwa mara ya nne, humsafisha, humfunga bandeji, humwandikia dawa, na humwambia asikiguse, bila kujua kwamba hilo la mwisho ndilo ugonjwa wenyewe. Kinachokosekana ni swali moja, likiulizwa faraghani, kwa sauti ya kawaida na bila kukunja uso: je, mkono huwa unarudi kwenye kidonda hiki hata wakati usipotaka? Swali likiundwa hivyo huuweka mkono upande mmoja na mtu upande mwingine, na humpa nafasi ya kujibu ndiyo bila kukiri kosa. Wagonjwa wengi hawajui kwamba wanachokifanya kina jina, na kusikia kwamba kimeandikwa vitabuni, kwamba wapo wengine na kwamba kuna namna ya kukitibu ni sehemu ya kwanza ya tiba, tena isiyogharimu hata pauni moja.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni mafunzo ya kugeuza mazoea, yaliyoelezwa na wanasaikolojia wa Marekani Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973, na yanayoweza kufundishwa na mtu asiye daktari bingwa ilimradi amejifunza. Kwanza mgonjwa husaidiwa kujitambua, akiandika katika kijidaftari kila tukio, saa yake, mahali alipokuwa, alichokuwa akihisi na kidole kilichoanza, kwa wiki moja au mbili, bila kudaiwa aache, na mara nyingi daftari hilo hufichua jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua, kwa mfano kwamba hujichokonoa takriban kila mara anapofika nyumbani na kukuta umeme hakuna, au kila anaporudi kutoka kwenye nyumba ya shemeji fulani. Baada ya hapo hufundishwa kitendo pinzani, yaani kazi ya mikono ambayo haiwezi kufanyika pamoja na kujichokonoa, kama vile kukunja ngumi au kushika kitu kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi, kila mvuto unapoanza kupanda, mpaka ushuke wenyewe. Mikono ya Juba haina uhaba wa vitu vya kushika: kuna ushonaji wa milaya, yale mashuka yanayotariziwa maua na wanawake, kuna utungaji wa shanga, kumenya karanga, kusuka nywele, na kwa Wakatoliki kuna rozari, ambayo vidole vyao vimeizoea tangu utotoni. Huongezwa kudhibiti vichochezi, yaani kupanga mazingira ili mkono ukutane na vikwazo: kukata kucha fupi, kufunika kioo au kupunguza mwanga wa chooni, kufunga vidole plasta jioni, kufunika kila kidonda mpaka kipone, na kuipaka ngozi mafuta, hata yale ya lulu yanayokamuliwa kutoka mbegu za mti wa shea, kwa sababu ngozi laini haina ukingo wa kukamata kucha. Hatimaye huteuliwa msaidizi mmoja, dada au rafiki, ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, na ambaye kazi yake ni kumgusa bega kimya anapomwona amejisahau na kumpongeza siku zinapokuwa nzuri. Si polisi.

Matibabu haya huambatana vizuri na njia nyingine iitwayo tiba ya kukubali na kujitolea, ambayo humfundisha mtu kwamba mvuto au wazo chungu linaweza kuachwa lipite kama gari barabarani, bila kulifukuza na bila kulipanda. Kuhusu njia hii Wasudan Kusini wana mfano wao wenyewe ulio karibu. Shirika la Afya Duniani liliandaa mpango wa kujisaidia uitwao Self-Help Plus, uliojengwa juu ya misingi hiyo, wenye vikao 5 vya saa mbili vinavyoendeshwa kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, mbele ya kundi la watu wapatao 20 hadi 30, chini ya mwezeshaji ambaye si mtaalamu wa akili. Mpango huo ulijaribiwa kwa wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, Uganda, sauti ikiwa katika Kiarabu cha Juba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo zaidi ya nafsi kuliko wenzao, kwa tofauti isiyo kubwa lakini ya kweli. Jaribio hilo halikuhusu kujichokonoa, na halipaswi kutajwa kana kwamba lilihusu. Lilichothibitisha ni kwamba stadi za namna hii zinaweza kusemwa kwa lugha ya soko la Konyo Konyo la Juba, zikaeleweka na mama ambaye hajawahi kuketi darasani, na zikamfaa.

Dawa zina nafasi, ingawa si ya kwanza. Zile zinazoongeza serotonini katika ubongo, kama fluoksetini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huwasaidia baadhi ya wagonjwa, hasa wenye huzuni au wasiwasi mkubwa pamoja na kujichokonoa, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. N-asetilisisteini, inayojulikana hospitalini kama dawa ya kuyeyusha makohozi na ya kumwokoa aliyemeza parasetamoli kupita kiasi, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 66 kwa wiki 12, na katika matokeo ya mwaka 2016 asilimia 47 ya walioitumia walipata nafuu kubwa, ikilinganishwa na asilimia 19 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini jaribio lilikuwa dogo, na hakuna sababu ya mtu kujinunulia vidonge hivyo bila tabibu anayejua ana mimba au hana, na anatumia dawa gani nyingine.

Msaada mwingi utatoka nje ya hospitali, na hapo mchungaji, padri na hata kujur, mganga wa jadi, wana ushawishi ambao zahanati haiwezi kushindana nao. Si haki kumbeza kujur kwa jumla, kwa sababu humpa mgonjwa kitu ambacho foleni ya zahanati haimpi, yaani muda na masikio, lakini kumchanja mtu ambaye ugonjwa wake ni kuifungua ngozi ni kumwongezea vidonda vya kushughulikia. Mchungaji naye anaweza kumwombea mtu bila kumwambia kwamba kuanguka tena ni upungufu wa imani, maana neno hilo likisemwa mara moja mgonjwa hatarudi kwake wala kwa mwingine. Nyumbani, mama au shangazi anayempiga binti mkono kila anapojigusa hufanya hivyo kwa mapenzi, ila kipigo hicho humfundisha binti kujificha tu. Kinachomfaa zaidi ni mtu wa kumpaka dawa mgongoni bila kuuliza, na kuacha mazungumzo mengine ya siku yaendelee.

Kwa wale ambao hali yao imezidi, wanaotumia saa nyingi kila siku, wenye maambukizi yanayorudi, au wenye mawazo ya kutaka kufa, njia ya hospitali kubwa haikwepeki, iwe ni Hospitali ya Mafunzo ya Juba au, kwa wenye uwezo, safari ya kilomita 192 za lami hadi Nimule na kuendelea hadi Kampala, ambako hospitali ya Butabika imekuwa ikitibu maradhi ya akili tangu miaka ya 1950. Kwa upande wa ngozi, kituo cha mafunzo kilichoko katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa tangu miaka ya 1990 kikiwafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi mahali pasipo na daktari bingwa, na ni watu wa aina hiyo, wanaoijua ngozi na wanaokaa na wagonjwa, ambao wangefaa zaidi kufundishwa kugeuza mazoea. Kupona kwenyewe huenda kwa kupanda na kushuka. Wiki nne njema zinaweza kufuatwa na usiku mmoja mbaya wa mtihani au msiba, na mgonjwa aliyeonywa mapema kwamba usiku huo utakuja huurudia mpango wake kesho yake, ilhali asiyeonywa huona kwamba kila kitu kimevunjika na huacha kuja. Ndiyo maana muuguzi aliyeuliza lile swali moja ana kazi ndogo ya kuongeza kabla mgonjwa hajaondoka chumbani, nayo ni kuandika katika kadi yake, kando ya neno kidonda, neno moja zaidi, anajichokonoa, na chini yake tarehe ya kurudi, siku ileile ambayo bandeji ingebadilishwa kwa vyovyote.